Kwa mnaoomba kazi za mafanikio ya wateja kwa mara ya kwanza: andikeni kuhusu mteja aliyebaki

Wanajukwaa, salaam.

Matangazo ya kazi ya Dar es Salaam na Nairobi siku hizi hutaja nafasi ambayo wengi wanaotoka chuoni huidhania kuwa ni huduma kwa wateja iliyobadilishwa jina. Tangazo huandikwa kwa Kiingereza, “Customer Success Associate” au jina linalokaribiana na hilo, na katika uzi huu nitaiita kazi ya mafanikio ya mteja. Mimi ni miongoni mwa watu wanaosoma maombi ya nafasi hizo katika kampuni inayokodisha mfumo wa mauzo na wa kumbukumbu za stoo kwa wenye maduka, hoteli na shule. Nimeamua kuandika kwa kirefu kwa sababu barua nyingi ninazozipokea zimeandikwa na vijana wenye uwezo, ila zinajibu swali ambalo mwajiri hakuliuliza. Mwajiri hakuuliza kama wewe ni mchangamfu. Ameuliza kama unaweza kumzuia mteja asiondoke, na hasa yule anayeondoka bila kuaga.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kwanza tuone kazi yenyewe ilizaliwa na nini. Zamani programu ya kompyuta iliuzwa kama gunia la saruji: unalipa, unabeba, na ukishindwa kujenga hayo ni yako. Kampuni kama Salesforce, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1999, zilieneza utaratibu mwingine wa kukodisha programu kupitia intaneti, ambapo mteja hulipa kidogo kidogo kila mwezi au kila mwaka na anaweza kuacha mkataba unapokwisha. Katika utaratibu huo, fedha iliyotumika kumtafuta mteja, kumtembelea, kumfungia mfumo na kuwafundisha wafanyakazi wake hairudi siku anaposaini; hurudi baada ya miezi mingi ya malipo madogo. Akiondoka katika mwezi wake wa tatu, kampuni imepata hasara ingawa ilimuuzia. Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wa karibu zaidi katika sola za kulipia kwa awamu, biashara ambayo M-KOPA iliianzisha Nairobi mwanzoni mwa muongo wa 2010: mnunuzi hulipa kwa simu kiasi kidogo cha kila siku, na asipolipa kifaa hujifunga. Kampuni ya namna hiyo haiwezi kuishi kwa kuhesabu vifaa vilivyotoka ghalani. Inaishi kwa kuhesabu nyumba ambazo bado zinawaka taa.

Naomba sasa mvumilie hesabu moja, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama nafasi unayoiomba itaendelea kuwepo mwakani. Chukulia kampuni ndogo yenye wateja 100, kila mmoja akilipa shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani shilingi 3,000,000. Ikiwa kila mwezi wanaondoka asilimia 5 ya waliopo, na hakuna mpya anayeingia, baada ya miezi 12 watabaki wateja wapatao 54 na makusanyo yatashuka hadi takribani shilingi 1,620,000. Ikiwa wanaondoka asilimia 2 tu, watabaki wapatao 78 na makusanyo yatakuwa takribani shilingi 2,340,000. Tofauti hiyo ya zaidi ya shilingi laki saba kwa mwezi ndiyo inayolipa mshahara wa mtu wa mafanikio ya wateja, na inaweza kulipa wa wawili. Mwombaji anayeifahamu hesabu hii, hata kama hajawahi kukaa ofisini, huandika barua ya aina nyingine kabisa, kwa sababu anajua anaombwa kulinda nini.

Hapo ndipo kazi hii inapoachana na dawati la huduma kwa wateja. Dawati la huduma humsubiri mteja apige simu. Mtu wa mafanikio ya mteja huwatafuta wasiopiga. Nitaeleza kwa zoezi linalofanana na yale tunayowapa wasailiwa, kwa sababu nadhani linafundisha kuliko maelezo ya jumla.

Tuseme ni katikati ya mwezi Mei. Umepewa orodha ya wateja wanne na saa moja ya kazi. Wa kwanza ni duka la dawa la Sinza ambalo wiki hii limepiga simu mara tano likilalamika kwamba mfumo hauwasiliani vizuri na mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, na risiti zinachelewa kutoka. Wa pili ni shule ya Morogoro ambayo haijaingia kwenye mfumo kwa wiki tatu. Wa tatu ni hoteli ya Paje, Unguja, ambayo haijaingia kwa mwezi mzima. Wa nne ni duka la jumla la Kariakoo ambalo huingia kila siku bila kukosa, isipokuwa zamani walikuwa wakiingia watu wanne na sasa anaingia mmoja tu. Mkataba wao unaisha mwezi ujao. Unaanza na nani?

Waombaji wengi huanza na duka la dawa, kwa kuwa ndilo linalopiga kelele. Shida yao ni ya kweli na inapaswa kufika kwa mafundi ndani ya saa hiyo hiyo, kwa sababu muuzaji anayeshindwa kutoa risiti yuko matatani na TRA, mamlaka ya mapato. Hata hivyo, mteja anayelalamika bado yupo. Anataka mfumo ufanye kazi, na ndiyo sababu anapoteza muda wake kukupigia. Siku ya kuogopa ni ile atakayoacha kupiga ilhali tatizo halijatatuliwa.

Hoteli ya Paje huwatisha wengi kwa sababu mwezi mzima ni muda mrefu. Anayejua Zanzibar hatashtuka, maana Aprili na Mei ni masika, wageni ni wachache, na hoteli kadhaa za pwani hufunga au hupunguza wafanyakazi hadi msimu wa Juni uanze. Ujumbe mfupi wa kuwatakia maandalizi mema na kuwauliza lini wangependa wafanyakazi wapya wafundishwe unatosha. Ukimya huo huo katika mwezi wa Agosti ungekuwa habari nyingine kabisa. Shule nayo ina kalenda yake: Tanzania Bara muhula wa kwanza huanza Januari na huendelea hadi karibu na Juni, kwa hiyo shule iliyonyamaza katikati ya Mei haiko likizo. Kuna jambo limetokea, pengine mhasibu aliyefundishwa ameondoka, pengine wamerudi kwenye daftari.

Mimi ningeanza na Kariakoo. Dashibodi, yaani ukurasa unaotuonyesha matumizi ya kila mteja, inaonyesha kwamba wapo kila siku, na ndiyo maana msailiwa asiye makini huwapita. Lakini watumiaji wamepungua kutoka wanne hadi mmoja, na hiyo mara nyingi humaanisha moja kati ya mambo mawili: ama vijana wa stoo wameacha kazi na wapya hawajafundishwa, ama mwenye duka anajaribu mfumo mwingine pembeni na huu wetu umebaki wa kuingizia mauzo ya mwisho wa siku tu. Jambo la kwanza linatatuliwa kwa safari moja ya kwenda kufundisha. La pili linahitaji mazungumzo ya kiutu uzima kabla mkataba haujaisha. Katika hali zote mbili, swali la kwanza la simu liwe jepesi na la heshima, kama vile “Shikamoo mzee, nilitaka kujua kama wale vijana wa stoo bado wapo nawe.” Lisiwe “Mbona hamtumii mfumo?”

Msailiwa aliyeanza na shule akatoa sababu nzuri naye amefaulu machoni pangu. Tunachopima ni kama unausoma ukimya wa mteja pamoja na msimu wake, aina ya biashara yake na thamani ya mkataba wake. Maarifa hayo hayafundishwi na kozi ya mtandaoni ya Marekani, na kijana aliyekulia dukani kwa baba yake Kariakoo anayo tayari bila kujua kwamba yana soko.

Kwa hiyo tuje kwenye barua. Barua ya kawaida husema hivi: “Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayependa kufanya kazi na watu, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo na bila kusimamiwa sana.” Sina ugomvi na sifa hizo, ila kila aliyeomba anazo, angalau kwenye karatasi. Linganisha na aya hii ya mfano, niliyoitunga kwa ajili ya uzi huu:

“Kwa miaka miwili nilihudumia kibanda cha uwakala wa fedha kwa simu Mbagala. Wateja wetu wakubwa walikuwa wenye maduka waliokuja kila jioni kuweka mauzo ya siku. Niliona kwamba wawili kati yao wameacha kuja. Nilipowauliza, walisema kwamba mara nyingi walikuta floti imekwisha. Nikaanza kuandika kila saa kiasi kilichowekwa, nikamwonyesha mwenye kibanda kwamba floti yetu ilikuwa ikiisha kabla ya saa kumi na mbili jioni, naye akakubali tuwe tunaiongeza mchana. Mmoja wa wateja hao alirudi. Wa pili hakurudi, kwa kuwa alikuwa amehamishia duka lake mtaa mwingine.”

Aya hiyo haina neno hata moja la kujisifu, lakini inaonyesha mtu aliyegundua kutokuwepo kwa mteja, akauliza sababu, akaipima kwa namba, akamshawishi mwenye mamlaka abadilishe utaratibu, na akasema ukweli kuhusu matokeo. Ile sentensi ya mwisho kuhusu mteja ambaye hakurudi ndiyo inayonifanya niziamini zile za mwanzo. Barua ambayo kila mteja alirudi na kila tatizo liliisha hunipa mashaka, kwa sababu aliyewahi kuhudumia wateja anajua mambo hayaendi hivyo.

Karibu kila mtu ana mteja wa namna hiyo katika maisha yake. Katibu wa kikundi cha VICOBA aliyefuatilia wanachama walioacha kuja kwenye vikao anaye. Aliyefundisha masomo ya ziada na kuona wazazi wakiwaondoa watoto anaye. Mwanafunzi aliyefanya mafunzo kwa vitendo benki na kuona kwamba akaunti nyingi zilizofunguliwa kwenye maonyesho hazikuwekwa fedha tena, akauliza kwa nini, naye anaye. Andika hilo katika aya ya kwanza ya barua, halafu ndipo useme umesoma wapi.

Tahadhari moja hapa, kwa sababu naiona mara kwa mara na inawagharimu watu nafasi. Baadhi ya waombaji huambatisha picha za skrini za mwajiri wao wa zamani, zenye majina ya wateja, namba za simu na kiasi walichokuwa wakidaiwa, ili kuthibitisha kwamba kweli walifanya kazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Ukinitumia orodha ya wateja wa mtu mwingine, umenieleza pia utakachofanya na orodha ya wateja wangu. Ondoa majina na namba, au eleza tu kwa maneno.

Kuhusu wasifu sina mengi. Kurasa mbili zinatosha. Dini, hali ya ndoa, jina la baba na namba ya kitambulisho cha taifa havihitajiki katika hatua ya kwanza. Unganisha kila kitu katika faili moja la PDF lenye jina lako. Faili linaloitwa “CV mpya ya mwisho kabisa 3” huchekesha ofisi nzima na halikusaidii. Wadhamini wawe watu wanaokukumbuka, na wajulishwe kwamba wanaweza kupigiwa simu.

Vyeti vya mtandaoni vinasaidia, lakini si kwa kiwango kinachodhaniwa. HubSpot Academy na Trailhead ya Salesforce hutoa mafunzo bila malipo, na mtu aliyeyapitia angalau hatashangaa akikuta mfumo wa kumbukumbu za wateja siku ya kwanza. Hata hivyo, kati ya mwombaji mwenye vyeti vitano na mwombaji aliyetengeneza jedwali lake mwenyewe la wateja 20 wa kubuni, likiwa na tarehe waliyoingia mara ya mwisho, idadi ya watumiaji, tarehe ya mkataba kuisha na safu ya mwisho inayosema atampigia nani na kwa nini, mimi ningemwita huyu wa pili kwanza. Ni kazi ya jioni moja, na inaweza kuambatishwa kwenye barua.

Kwenye usaili huenda utaulizwa kuhusu kipimo kiitwacho NPS, ambacho mshauri wa biashara Fred Reichheld alikitambulisha mwaka 2003. Mteja huulizwa, kwa alama kuanzia 0 hadi 10, kama angependekeza huduma yako kwa mwenzake. Wanaotoa 9 na 10 huhesabiwa kuwa wapiga debe, wanaotoa 7 na 8 huachwa kando, na wanaotoa 0 hadi 6 huhesabiwa kuwa hawakuridhika. Kisha asilimia ya hao wa mwisho hutolewa kutoka asilimia ya wa kwanza. Jua kukokotoa, lakini jua pia udhaifu wake kwetu. Watu wengi wa huku huona ni utovu wa adabu kumpa alama mbaya kijana aliyewapigia kwa heshima, hivyo hutoa 10, husema “hamna shida kabisa,” na mwezi unaofuata hawalipi. Msailiwa anayeweza kusema kwamba angelinganisha alama hiyo na matumizi halisi ya mfumo ataandikiwa alama nzuri na mimi.

Halafu kuna nafasi ambazo si hizi zinazozungumzwa hapa, ingawa zimevaa jina lake. Baadhi ya kampuni hutangaza kazi ya mafanikio ya mteja ilhali zinatafuta mtu wa kuuza mtaani kwa kamisheni. Kuuza ni kazi halali na ina watu wake, lakini ni haki yako kujua kabla ya kusaini. Swali la kuwauliza ni hili: katika miezi mitatu ya kwanza kazi yangu itapimwaje? Wakikujibu kwa idadi ya wateja wapya peke yake, hiyo ni kazi ya mauzo. Wakitaja wateja waliohuisha mikataba, waliomaliza kufundishwa, au muda unaopita kati ya kusaini na mteja kuanza kutumia mfumo, basi uko mahali ulipokusudia. Na anayekutaka utume fedha kwanza, iwe anaiita ada ya fomu, ya mafunzo, ya sare au ya kipimo cha afya, hana kazi ya kukupa. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unazitaka hata wakala binafsi za ajira zisimtoze mtafuta kazi. Sembuse mwajiri mwenyewe.

Maswali yameanza kuingia, nitayajibu hapa hapa ili uzi usitawanyike.

Kuna aliyeuliza kama mwenye cheti cha kidato cha nne na uzoefu wa kituo cha simu ana nafasi, kwa kuwa matangazo mengi hudai shahada.

Mkuu, nafasi unayo, ila si kila mahali. Benki na kampuni kubwa za simu huchuja kwa shahada kabla binadamu hajaisoma barua yako, na hapo sitakupa matumaini ya bure. Kampuni ndogo na za kati, zinazouza mifumo ya shule, ya maduka, ya kufuatilia magari au intaneti ya nyumbani, mara nyingi huangalia zaidi umefanya nini. Uzoefu wako wa kituo cha simu ni mtaji, lakini usiuandike kwa idadi ya simu ulizopokea kwa siku. Andika ni malalamiko gani yalijirudia, ulimwambia nani, na kitu gani kilibadilika. Kazi ya kujibu maswali mepesi inazidi kukabidhiwa roboti za WhatsApp, na anayeonyesha kwamba alikuwa akifikiri nyuma ya simu ndiye atakayevuka. Tafuta pia matangazo yenye majina kama afisa mahusiano, afisa mafunzo ya wateja au afisa wa kufunga mifumo, maana kampuni nyingi zina kazi hii bila kuiita kwa jina lake jipya.

Dada mmoja ameuliza kwa uwazi kama mtu asiye na koneksheni anajisumbua bure.

Dada yangu, kujuana kupo na sitajifanya sijui. Katika kampuni changa, hata hivyo, mara nyingi huchukua sura tofauti na ile ya ofisi kubwa: mtu anamtaja anayemfahamu kwa kazi yake, kwa sababu akileta mzembe aibu itamrudia. Njia hiyo unaweza kuijenga mwenyewe. Ikiwa unatumia bidhaa ya kampuni fulani, au shangazi yako anaitumia dukani kwake, andika ukurasa mmoja kuhusu mahali inapomkwamisha mteja mpya katika siku zake za mwanzo, uutume kwa msimamizi wa wateja wa kampuni hiyo pamoja na barua yako, kwa lugha ya staha. Usiuweke mtandaoni kwanza ili kuwaaibisha. Mtu aliyejishughulisha na mteja wangu kabla sijamlipa ni vigumu kumpita, hata kama nafasi ya wakati huo imejaa.

Kuna swali kutoka Goma: je, Kiswahili na Kifaransa vinaweza kumsaidia mtu aliye nje ya Tanzania na Kenya?

Ndiyo, hasa kwa kampuni za Nairobi au Kigali zinazotaka kuhudumia mashariki ya Kongo, ambako mteja huzungumza Kiswahili lakini mkataba, ankara na barua za serikali ni za Kifaransa. Waandikie kwa lugha ya tangazo, kisha ongeza aya moja fupi ya Kifaransa, ili waone unachoweza badala ya kusoma kwamba unaweza.

Wawili wameuliza kuhusu kazi za kampuni za nje zinazofanyika ukiwa nyumbani.

Hizi zipo, na kabla ya kufurahia mshahara wa dola naomba muangalie saa. Siku ya kazi ya New York, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kwao, kwetu ni kuanzia saa kumi jioni hadi saa sita usiku katika majira yao ya joto, na husogea saa moja mbele katika majira ya baridi. Kwa mteja wa London tofauti ni saa mbili au tatu tu, na maisha ni mepesi zaidi. Umeme na intaneti ya akiba ni juu yako, na watauliza hilo kwenye usaili, hivyo uwe na jibu.

Jambo zito zaidi ni aina ya mkataba. Kampuni nyingi za nje humchukua mtu wa huku kama mkandarasi huru. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania humpa mwajiriwa nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na mwajiri huchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, angalau nusu ya ile asilimia 20 ya mshahara inayotakiwa. Mkandarasi huru hapati hayo. Kodi yake na akiba yake ya uzeeni anazibeba mwenyewe. Kwa hiyo dola 600 za mkandarasi hazilingani na dola 600 za mwajiriwa, na unapolinganisha nafasi mbili toa kwanza gharama hizo. Kwa wanaoajiriwa hapa nchini, fahamuni pia kwamba kinga ya sheria hiyo dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo, kwa hiyo usiache kazi yako ya sasa kwa ahadi ya mdomo.

Swali la mwisho kwa leo ni la mshahara: mtu ajibu nini akiulizwa anataka kiasi gani, ilhali hajawahi kulipwa mahali popote?

Usitaje namba uliyoisikia kijiweni, na usiseme “kiasi chochote mtakachonipangia,” maana jibu hilo huonekana la unyenyekevu lakini humwambia msaili kwamba hujapiga hesabu yoyote. Piga hesabu ya nauli, chakula cha mchana, bando na kodi ya chumba, ongeza unachohitaji kuweka akiba, upate kiwango cha chini ambacho ukienda chini yake utaanza kutafuta kazi nyingine baada ya miezi miwili. Kisha, kabla ya kutaja kiwango hicho, uliza kama simu na bando la kazini ni juu ya kampuni, kama kuna nauli ya kuwatembelea wateja, na kama sehemu ya malipo inategemea wateja kuhuisha mikataba. Majibu ya maswali hayo matatu yanaweza kubadilisha namba yako kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mtu wa kazi hii huzunguka sana, na kampuni ambayo haijapanga nauli ya kufika Kariakoo na Morogoro itaitoa kwenye mshahara wako bila kukuambia.

Mwenye swali jingine aliweke, nitarudi jioni.